Sailensa Isiyotulia katika Pikapu Kuukuu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Lengo la somo

Mlaji atakayelisoma somo hili hadi mwisho ataweza:

(a) kueleza kwa nini injini hutetemeka au kuzima gari linaposimama, ilhali barabarani linakwenda vizuri;
(b) kufanya uchunguzi wa awali usiohitaji vifaa vya gharama;
(c) kumweleza fundi tatizo kwa usahihi, na kudai vipimo kabla ya kununua kipuri chochote;
(d) kutambua dalili zinazogusa usalama wa breki, ambazo hazipaswi kusubiri.

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa nyanya anayepakia mzigo Ilula, mkoani Iringa, na kuupeleka Dar es Salaam kwa pikapu ya petroli yenye umri unaozidi miaka 25. Barabarani gari linakwenda vizuri. Tatizo huanza linaposimama: mlio wa injini unapanda na kushuka, gari zima linatetemeka, na mara nyingine injini inazima katikati ya foleni. Mfanyabiashara anakwenda gereji. Fundi anasikiliza kwa nusu dakika, kisha anasema kabureta imekufa. Kabureta inanunuliwa, hali inabaki ileile. Wiki inayofuata zinanunuliwa plagi na waya zake, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Mwezi unakwisha, faida ya safari kadhaa imeishia kwenye duka la spea, na injini bado inapanda na kushuka.

Ingawa mfano huu ni wa kubuni, wamiliki wengi wa magari ya zamani watajiona ndani yake. Si lazima fundi huyo awe tapeli. Huenda anaamini kwa dhati alichokisema, kwa sababu gari lililotangulia lilipona kwa kubadilishiwa kabureta. Hata hivyo kubahatisha kwa nia njema na kubahatisha kwa nia mbaya humgharimu mlaji fedha zilezile. Kinga ni moja: kupima kwanza, kununua baadaye.

Sailensa ni nini?

Mafundi wetu huita sailensa ule mwendo wa injini inapounguruma bila dereva kukanyaga akseleta. Wapo wanaolitumia neno hilohilo kwa sehemu ya bomba la moshi inayopunguza kelele. Katika somo hili tunalitumia kwa maana ya kwanza tu.

Pikapu nyingi za petroli zenye silinda 4 zimetengenezwa ili zitulie kwenye mizunguko kati ya 650 na 900 kwa dakika injini ikiwa imeshapata moto. Kipimo halisi cha gari lako huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Kipimo hicho ndicho cha kufuatwa, wala si makadirio ya sikio.

Ili itulie, injini ya petroli inahitaji mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta. Uwiano wa msingi ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. La pili ni cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo wa kutosha na unaolingana katika kila silinda. Likipungua moja, mlio hubadilika.

Kwa nini basi tatizo lijitokeze gari likiwa limesimama tu? Dereva anapoachia akseleta, kilango cha hewa kilicho ndani ya kabureta hufungwa karibu chote. Pistoni zinaendelea kuvuta, lakini hewa ni kidogo, mfano wa mtu anayenyonya juisi kwa mrija uliobanwa. Mvuto ndani ya njia ya hewa huwa mkubwa. Ikiwa mahali fulani pana mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea, hewa ya ziada hufyonzwa kupitia ufa huo bila kupita kwenye kabureta na bila kupatiwa mafuta. Kwa kuwa wakati huo injini inahitaji hewa kidogo sana, ufa mdogo tu unatosha kuuvuruga uwiano wote. Dereva anapokanyaga akseleta, kilango hufunguka, hewa nyingi huingia, na mchango wa ufa ule huwa si kitu tena. Ndiyo maana gari linalozima kwenye foleni huweza kupanda mlima bila shida.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni ya kwanza ya somo letu. Gari linalosumbua kwenye sailensa pekee lichunguzwe kwanza kwa hewa inayovuja na njia ya mafuta ya sailensa ndani ya kabureta. Gari linalosumbua kwenye sailensa na pia kukosa nguvu barabarani lichunguzwe ugavi wa mafuta, cheche na mgandamizo. Mfanyabiashara wetu aliuziwa pampu ya mafuta kwa gari lililokuwa likipanda milima na mzigo. Kwa kanuni hii pekee angeweza kuuliza swali ambalo lingeiokoa fedha hiyo.

Andika dalili kabla ya kwenda gereji

Kwa siku 2 au 3, weka kumbukumbu katika daftari. Fundi mzuri ataithamini karatasi hiyo kuliko maneno "gari linasumbua". Jibu maswali haya:

1. Tatizo hutokea injini ikiwa ya baridi, ya moto, au nyakati zote? Likiwa la asubuhi tu, choki na marekebisho ya baridi hushukiwa. Likitokea injini ikiwa ya moto tu, choki iliyogoma kufunguka ni miongoni mwa washukiwa.
2. Mlio unapanda na kushuka kwa mpangilio, au unakatika bila mpangilio? Kupanda na kushuka kwa mpangilio huashiria mchanganyiko usio sawa, mara nyingi kwa hewa iliyozidi. Kukatika kwa ghafla huashiria cheche au waya uliolegea.
3. Mlio hubadilika unapokanyaga breki? Dalili hii ni ya pekee, na tutaieleza hapa chini.
4. Tatizo lilianza baada ya tukio gani? Baada ya kujaza mafuta, baada ya mvua, baada ya kuosha injini, au baada ya fundi kufungua kitu?
5. Moshi una rangi gani? Mweusi ni mafuta yaliyozidi, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Tahadhari za usalama

Kabla ya kufungua boneti, egesha gari mahali pa wazi palipo tambarare, weka gia huru, vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kanga, kanzu, tai na mikono mipana ya nguo visikaribie feni na mikanda. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Usivute sigara, na usinyunyize petroli juu ya injini inayounguruma kwa ajili ya kutafuta uvujaji, hata kama umewahi kuona mtu akifanya hivyo. Magari yameungua kwa njia hiyo.

Hatua za uchunguzi

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Zimepangwa kuanzia zisizo na gharama hadi zinazohitaji fundi na vifaa.

Hatua ya kwanza: macho na masikio

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fuata kila mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta na kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Pinda kila mpira taratibu karibu na ncha zake, kwa kuwa hapo ndipo hupasuka. Mpira wa miaka 25 hukauka, ukawa mgumu na kuonyesha mistari ya ufa. Tazama pia kama kuna mpira uliochomoka au njia iliyoachwa wazi baada ya matengenezo. Kisha washa injini na usikilize: hewa inayofyonzwa kupitia ufa hutoa sauti ya mluzi au ya mvuke. Kipande cha mpira wa bustani chenye urefu wa takriban mita 1, ncha moja ikiwa karibu na sikio na nyingine ikipitishwa kando ya viungo mbali na feni, husaidia sana.

Kama hujasikia kitu, tumia chupa ya kupulizia yenye maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo, injini ikiwa imewashwa muda mfupi na haijapata moto sana. Puliza kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi, ukiepuka waya za plagi na distribyuta. Mlio ukibadilika ghafla, hapo ndipo penye uvujaji.

Hatua ya pili: busta ya breki

Katika pikapu nyingi za petroli, ule mvuto wa injini ndio unaoisaidia breki. Mpira mnene hutoka kwenye manifoldi hadi kwenye busta, chombo cha mviringo kilicho nyuma ya silinda kuu ya breki. Mpira huo ukipasuka, au ngozi iliyo ndani ya busta ikitoboka, hutokea mambo mawili: injini inavuta hewa ya ziada na kukosa sailensa, na dereva anakosa msaada wa breki. Ufa mmoja huleta hasara kwenye mfuko na hatari barabarani.

Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga kwa nguvu ya wastani, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta, mpira wake, au vali ndogo iliyo kwenye mpira huo ina kasoro. Pia, injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki usikilize: mluzi unaotoka karibu na pedali, pamoja na mlio wa injini kubadilika, ni ushahidi mzito dhidi ya busta.

Gari lililoshindwa jaribio hili lisipakiwe mzigo wala kusafiri kabla ya kutengenezwa. Anayeteremka Mlima Kitonga na tani moja ya nyanya hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya tatu: jaribio la choki

Magari mengi ya kabureta yana choki ya kuvuta kwa mkono. Injini ikiwa imepata moto na inasumbua, vuta choki kidogo sana. Choki hupunguza hewa na kuzidisha mafuta. Injini ikitulia, maana yake ilikuwa na mafuta machache au hewa iliyozidi: rudi kwenye hatua ya kwanza, au shuku kuwa tundu dogo la mafuta ya sailensa ndani ya kabureta limeziba. Injini ikizidi kukwama na kutoa moshi mweusi, maana yake mafuta yalikuwa mengi tayari: shuku chujio la hewa lililoziba, choki iliyokwama, au kabureta inayofurika. Kwa jaribio la sekunde 10 umegawa orodha ya washukiwa mara mbili.

Hatua ya nne: hewa, mafuta na uchafu

Toa chujio la hewa ulitazame kwenye mwanga. Lisilopitisha mwanga libadilishwe. Kisha chunguza mafuta. Mwombe fundi akinge petroli kidogo kutoka kwenye njia ya mafuta, injini ikiwa imepoa, ndani ya chombo cha kioo. Acha itulie kwa dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na kuonekana kama tabaka au matone. Kutu na mchanga pia vitaonekana. Ikiwa tatizo lilianza mara baada ya kujaza mafuta, hifadhi risiti ya kituo na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Kabureta nyingi za Kijapani zina kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya mafuta ya sailensa swichi inapowashwa na kuifunga inapozimwa. Waya wake ukichomoka, injini huzima kila unapoachia akseleta, ingawa hukimbia vizuri ukikanyaga. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha mwambie mtu achomoe na kuchomeka waya huo: unapaswa kusikia mlio mdogo wa "tik". Kabureta nzima hutupwa na kununuliwa nyingine, kumbe ni waya tu uliokosa mgusano.

Hatua ya tano: cheche

Mwombe fundi atoe plagi zote na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake, kisha zitazame pamoja. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta yaliyozidi. Nyeupe ni mafuta machache au joto lililozidi. Iliyolowa oili ni dalili ya uchakavu wa ndani. Plagi 3 zikiwa nzuri na 1 mbaya, tatizo liko kwenye silinda hiyo au waya wake, na hakuna sababu ya kulaumu kabureta inayozilisha zote 4.

Usiku, gizani, fungua boneti injini ikiunguruma na utazame waya za plagi bila kuzigusa. Waya uliochoka huonyesha cheche ndogo za samawati zikirukia kwenye chuma. Kofia ya distribyuta nayo ifunguliwe na kukaguliwa kama ina ufa, unyevu au kutu. Muda wa cheche upimwe kwa taa maalumu, kwa kufuata kipimo cha kibandiko.

Hatua ya sita: mgandamizo na nafasi za vali

Hatua zote zilizotangulia zikishindwa kutoa jibu, au gari likikosa nguvu kila mahali, ni wakati wa kupima mgandamizo. Kifaa chake ni geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Jambo la kutazama ni kipimo cha kitabu pamoja na tofauti baina ya silinda. Silinda iliyo pungufu kuliko wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi haiwezi kutulizwa kwa kurekebisha kabureta. Nafasi za vali, ambazo mafundi huita tapeti, nazo zipimwe, kwa maana vali isiyofunga vizuri huvujisha mgandamizo.

Skrubu za kabureta: mwisho, si mwanzo

Tabia iliyozoeleka ni kuanza kwa kugeuza skrubu. Mlio ukipandishwa kwa skrubu, ufa hufichwa lakini haupotei. Gari hutumia mafuta zaidi na tatizo hurudi. Mchanganyiko urekebishwe baada ya uvujaji kuzibwa, chujio kuwa safi na muda wa cheche kuwa sahihi. Kabla ya kugeuza, fundi ahesabu skrubu imefunguliwa mizunguko mingapi na kuandika, ili aweze kuirudisha ilipokuwa.

Ikumbukwe pia kwamba miinuko hubadilisha mchanganyiko. Mjini Iringa, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kati ya asilimia 10 na 15. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa mafuta mengi kupita kiasi nyanda za juu, na iliyorekebishwa nyanda za juu itakosa mafuta kidogo pwani. Anayesafiri baina ya maeneo hayo ategemee tofauti ndogo ya mlio, na asikubali kuuziwa kabureta mpya kwa sababu hiyo.

Pikapu zenye mfumo wa kompyuta

Pikapu za petroli za miaka ya 1990 na baadaye mara nyingi hazina kabureta. Kanuni ya hewa, cheche na mgandamizo ni ileile, lakini sailensa husimamiwa na vali ndogo ya hewa inayoendeshwa na kompyuta. Masizi yakijaa kwenye vali hiyo au kwenye kilango cha hewa, mlio huyumba. Usafi pekee huweza kuwa tiba. Betri ikichomolewa, baadhi ya magari huhitaji muda wa kuendeshwa kabla ya sailensa kutulia.

Mashine ya kusoma kompyuta ni msaada, lakini haitoi hukumu. Ikionyesha kwamba mchanganyiko una mafuta machache, haijasema sensa imekufa; huenda sensa inasema ukweli kuhusu mpira uliopasuka. Mwombe fundi akuandikie namba ya kosa iliyosomwa, kisha akuonyeshe kipimo kilichothibitisha chanzo chake.

Magari ya dizeli

Injini kongwe ya dizeli haina plagi za cheche, na nyingi hazina kilango cha kubana hewa, hivyo habari ya mvuto wa manifoldi haiihusu. Mvuto wa breki hutoka kwenye pampu yake ya pekee. Mlio wa dizeli unapopanda na kushuka, anza na hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta kati ya tangi na pampu, maji yaliyojaa kwenye chujio, na chujio lenyewe lililoziba. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kikifungwa kwa muda kabla ya pampu, kitaonyesha mapovu kama hewa inaingia. Nozeli na pampu ya sindano huja baadaye, na zipimwe kwenye benchi la kupimia kabla ya kuamuliwa kuwa mbovu. Mlaji asilegeze mabomba ya nozeli mwenyewe: mafuta hutoka kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi, na jeraha hilo huhitaji hospitali mara moja hata likionekana dogo.

Haki na wajibu wa mlaji gereji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Ili haki hiyo isibaki kwenye karatasi, mlaji azingatie yafuatayo:

1. Uliza, "Umepimaje?" kabla ya kuuliza, "Ni bei gani?" Kila kipuri kinachopendekezwa kiwe na kipimo kinachokitangulia.
2. Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya kipuri na ujira wa fundi. Kazi ya kupima ni kazi halali na ina malipo yake. Anayekataa kuilipia hujikuta akilipia vipuri asivyovihitaji.
3. Ruhusu kipuri kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na gari lijaribiwe kabla ya kingine kununuliwa.
4. Dai kipuri cha zamani kirudishwe mikononi mwako. Kisitupwe mpaka gari lithibitike kupona, kwa maana huenda kilikuwa kizima.
5. Dai risiti ya kielektroniki ya dukani na hati ya gereji yenye tarehe, namba ya gari na maelezo ya kazi.
6. Kubaliana mapema kuhusu dhamana: kipuri kisipotatua tatizo kitarudishwa dukani au la?

Ukitokea mgogoro, anza na mwenye gereji au duka, kwa maandishi, ukiambatisha nakala za risiti. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Malalamiko yenye karatasi husikilizwa kwa urahisi kuliko yenye hasira pekee.

Hitimisho

Turudi kwa mfanyabiashara wa nyanya. Fundi wa pili alimwomba akanyage breki injini ikiunguruma. Mlio ulibadilika na mluzi ukasikika. Ufa ulikuwa kwenye mpira wa busta, chini, mahali ambapo mpira hugusa manifoldi na kuchomwa na joto. Mpira ulibadilishwa, sailensa ikatulia, na pedali ya breki, ambayo dereva alikuwa ameizoea kuwa ngumu, ikawa laini. Kabureta yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kwa bahati mbaya ilikwishauzwa kama chuma chakavu. Kwa mwezi mzima alikuwa akiteremka Kitonga akiwa na breki zisizo na msaada kamili, huku fedha zikienda kwenye sehemu nzima za gari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alijenga ukuta, na ufa ukabaki pale pale.

Maswali ya kujipima

1. Pikapu inazima kwenye foleni lakini ina nguvu mlimani. Utaanza kuchunguza nini, na kwa sababu gani?
2. Ukivuta choki kidogo injini inatulia. Hilo linakueleza nini kuhusu mchanganyiko?
3. Pedali ya breki haikushuka injini ilipowashwa. Je, gari hilo lipakiwe mzigo?
4. Fundi anapendekeza kabureta mpya bila kupima. Taja mambo mawili utakayoomba kabla ya kutoa fedha.

Majibu yote yamo ndani ya somo. Msomaji ambaye hakuyapata arejee sehemu husika kabla ya kufungua boneti, na zaidi sana kabla ya kufungua pochi.